Kijiji hiki na kile wakiunganisha timu, nani anabaki na uwanja?

Ligi kubwa zimesimama, watu hawana cha kuangalia, basi maswali yaliyoingia wiki hii karibu yote ni ya timu ndogo ndogo za vijijini na hizi habari za kuungana. Nimechukua matatu. Wale mliouliza habari za usajili wa Kariakoo subirini, hata mimi nasoma tu kama nyie.

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Mimi nabeti, sifichi. Ligi zetu zikiwa likizo huwa naweka mkeka kwenye ligi ya visiwa vya Faroe maana wao wanacheza wakati huo wengine wamepumzika. Sasa kuna timu inaitwa EB/Streymur, na miaka ya nyuma niliwahi kuona nyingine TB/FCS/Royn, jina kama namba ya gari. Hiyo ni timu moja au tatu? Na kwa nini wasikae wakachagua jina moja yakaisha? (Mzee wa mikeka, Tegeta)

JIBU: Salama kaka, pole na mikeka. Ni timu moja, ila ukikuta kimstari kile kilichoinama kati ya majina ujue pale kuna ndoa, na mara nyingi ndoa yenyewe ni ya shida sio ya mapenzi.

Cheki kwanza mazingira yao. Faroe ni visiwa 18 katikati ya bahari huko kaskazini, kati ya Norway na Iceland, viko chini ya Denmark ila vinajitawala mambo mengi, na watu wote ukiwajumlisha ni kama elfu 54, yaani hawawezi hata kujaza uwanja wa Mkapa. Lakini kila kijiji kilikuwa na timu yake. Ligi yao ilianza 1942, na wachezaji wengi mpaka leo ni wa ridhaa au nusu ridhaa, asubuhi yuko kiwanda cha samaki jioni yuko mazoezini. Si unakumbuka, au baba yako anakumbuka, ile mechi ya Septemba 12, 1990, Faroe mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano ya UEFA wakamfunga Austria 1-0? Golikipa Jens Martin Knudsen alikuwa anadaka na kofia ya sufu yenye kishada juu, kazi yake ilikuwa kuendesha folklifti. Aliyefunga, Torkil Nielsen, alikuwa anauza mbao. Na mechi yenyewe ilichezewa Landskrona, Sweden, kwa sababu kwao hapakuwa na uwanja hata mmoja wa nyasi. Hao ndo watu tunaowazungumzia.

Sasa EB/Streymur. EB ni timu ya kijiji cha Eiði, ya tangu 1913, Streymur ni ya upande wa pili wa maji, ilianza 1976. Vijiji hivyo viko visiwa viwili tofauti, ila mkondo wa bahari uliopo katikati ni mwembamba na 1973 walijenga daraja, kwa hiyo kutoka huku kwenda kule ikawa safari ya gari ya muda mfupi tu. Mwaka 1993 wakaungana. Sababu ilikuwa ile ile ya kila mahali, vijana wanaondoka, wanaenda mji mkuu Tórshavn au Denmark kusoma na wengine hawarudi, kijiji kinabaki na wachezaji tisa na mmoja wao ana goti.

Na wale jamaa wakafanya kweli aisee. Walibeba kombe la Faroe 2007, 2008, 2010 na 2011, na ligi 2008 na 2012. Halafu hii ndo napenda kuwasimulia watu wa City, Julai 2008 EB/Streymur walipangiwa Manchester City kwenye mchujo wa Kombe la UEFA! Wakafungwa 2-0 nyumbani, na marudiano wakafungwa tena 2-0, ila marudiano yenyewe hayakuchezwa Manchester, yalichezwa uwanja wa Barnsley, kwa sababu uwanja wa City nyasi ziliharibika baada ya shoo ya Bon Jovi. Wiki chache baadaye matajiri wa Abu Dhabi wakainunua City. Kwa hiyo kati ya mechi za mwisho mwisho za City ya kabla ya mafuta kuna mbili walizocheza na timu ya vijiji viwili vilivyounganishwa na daraja. Nne bila kwa jumla, kuna timu kubwa zimekula zaidi ya hizo.

Sasa ile nyingine yenye majina matatu ndo ina utamu wake. Iko Suðuroy, kisiwa cha kusini kabisa, kutoka Tórshavn unapanda feri kama saa mbili, na kisiwa kizima hakifikishi watu 5,000. TB ni ya Tvøroyri, ilianza 1892, hakuna klabu ya zamani kuliko hiyo Faroe nzima, na imebeba ligi mara 7. Kijiji cha Vágur nao wana VB yao ya 1905, bingwa wa mwaka 2000. Sasa fikiria kisiwa kama hicho, watu hao wachache, timu mbili zenye historia na hazipatani. VB kwanza wakaungana na majirani zao wa Sumba 2005, wakajiita VB/Sumba, 2010 wakabadilisha jina wakawa FC Suðuroy, yaani wamejipa jina la kisiwa chote. Hebu jiweke wewe ndo mtu wa Tvøroyri, klabu yako ndo kongwe nchi nzima halafu jirani anaamka asubuhi anajiita jina la kisiwa kama vile wewe hupo. TB hawakuingia.

Lakini njaa ya wachezaji haina kiburi. Msimu wa 2017 wakakubali, TB, FC Suðuroy na Royn ya kijiji cha Hvalba wakaingia timu moja, na jina hakuna aliyekubali kufuta lake ndo ikawa TB/FCS/Royn. Umeuliza kwa nini wasichague moja, ndo jibu lako hilo. Wakacheza ligi kuu 2017 na 2018, na 2019 ukiangalia orodha ya ligi kuu unaikuta TB peke yake, wenzake hawapo. Misimu miwili tu. Kwa maoni yangu timu ambayo haijaweza kukubaliana hata jina, mengine ni kusogeza tu tarehe.

Linganisha na Víkingur, ndoa nyingine ya huko huko Faroe. GÍ ya Gøta walikuwa wakubwa kweli, ubingwa mara 6, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1993 mpaka 1996. Jirani zao LÍF wa Leirvík hawakuwa na makombe ya kutisha, na katikati yao kuna mlima ila walishautoboa wakaweka handaki la magari. 2008 wakaungana, na GÍ pamoja na makombe yao yote wakakubali kuzika jina, timu ikaitwa Víkingur, jina ambalo sio la huyu wala la yule. Wamebeba kombe 2009, halafu 2012, 2013, 2014, 2015 bila kupumzika, na ligi 2016 na 2017. Hapo mwenye makombe ndo aliyejishusha, na sijaona sehemu nyingi mkubwa akifanya hivyo. Kuhusu kubeti sina ushauri, ila ukiona timu ya kusini inasafiri na feri siku ya upepo mkali mimi nisingeiwekea hela.

SWALI: Shikamoo mhariri. Hapa hosteli tunabishana, mwenzangu anasema Hoffenheim ya Bundesliga ni kijiji, mimi nasema haiwezekani. Pia anasema walitaka kuungana na timu nyingine wakakataliwa. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako kashinda, mnunulie soda. Hoffenheim ni kijiji cha watu kama 3,300, kiko chini ya mji wa Sinsheim. Ile 1899 kwenye jina ni mwaka wa klabu ya mazoezi ya viungo, ya mpira ilikuja baadaye 1921, na hizo mbili ndo ziliungana 1945 baada ya vita. Ilikaa huko madaraja ya chini miaka na miaka mpaka Dietmar Hopp, mmoja wa waanzilishi wa SAP, kampuni ya programu za kompyuta, na aliyecheza hapo utotoni, akaanza kumwaga hela. 2008 wakaingia Bundesliga, uwanja wenyewe unachukua watu elfu 30 na ushee, mara tisa ya kijiji.

Na la kukataliwa ni kweli. 2005 kulikuwa na mpango wa kuziunganisha Hoffenheim na timu za jirani, Sandhausen na Astoria Walldorf, iwe klabu moja kubwa ya mji wa Heidelberg. Sandhausen na Walldorf wakagoma. Watu waliwaona wajinga, tajiri amekuja na hela mezani mnakataa? Lakini Sandhausen 2012 walipanda daraja la pili Ujerumani kwa jina lao na uwanja wao, wakakaa huko mpaka 2023. Miaka 11 sio mchezo kwa timu ya sehemu ndogo vile.

Na ukitaka kuona tajiri anavyoweza kuunganisha na baadaye ikawa balaa, soma habari za Rushden & Diamonds ya Uingereza. 1992 Max Griggs, mwenye viatu vya Dr. Martens, aliunganisha Rushden Town na Irthlingborough Diamonds. Uwanja wa kisasa, wakapanda mpaka ligi ya kulipwa 2001, kila kitu shwari. 2005 tajiri akaachia, akawapa mashabiki. 2006 wakashuka, 2011 wakafukuzwa ligi kwa ajili ya madeni na klabu ikafa. Mashabiki ikabidi waanze upya na timu mpya kutoka madaraja ya chini, na uwanja ukaja kubomolewa.

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa timu ya kijiji. Sisi na wenzetu wa kijiji cha pili tumekubaliana kuunganisha timu ili tuingie ligi ya wilaya na kikosi cha maana, maana kila mmoja peke yake tunafungwa tu. Tatizo wazee wao wanataka jina lao litangulie, na uwanja wao ni tambarare ila kutoka kwetu ni mbali, wetu una mteremko golini. Tufanyeje? (Katibu, Newala)

JIBU: Katibu, hongera, angalau nyie mnauliza kabla. Jina msigombanie la nani litangulie, tafuteni la tatu, mto au mlima mnaochangia au chochote ambacho hakuna mzee wa upande wowote atakayesema kimeibwa. Jezi nazo, kama wao wanavaa kijani na nyie njano chukueni bluu, mitumba ipo.

Uwanja ndo shughuli. Mashabiki wa mchangani ni wa kutembea kwa miguu, ukiwahamishia mechi zote mbali, baada ya mwezi mmoja unacheza mbele ya mbuzi. Kwa hiyo mechi za ligi nusu huku nusu kule, kama wasimamizi wa ligi wanaruhusu, na mazoezi wiki kwenu wiki kwao. Huo mteremko sawazisheni wenyewe, vijana na majembe siku mbili tatu, wao waje wasaidie maana sasa ni uwanja wao pia. Timu za watoto msiunganishe, kila kijiji kibaki na yake, kwa sababu mtoto wa miaka kumi hawezi kwenda mbali hivyo kila jioni na hao ndo kikosi chenu cha baadaye.

Na nauli mmeshaongea? Sijaona kwenye barua yako. Wachezaji wa upande wa mbali wakianza kujilipia bodaboda wenyewe, mechi ya tatu hamuwaoni.

Halafu kabla hamjapeleka fomu wilayani kaeni kikao, muhtasari uandikwe na pande zote wasaini, mkiachana nani anabaki na mipira, nani anachukua nyavu, na hela ya mchango iliyobaki inagawanywaje. Wazee watakwambia unaleta uchuro. Waambie ni utaratibu tu, na mtunza hazina atoke kijiji tofauti na mwenyekiti.