Semina weka pembeni kwanza, nenda kwa wazee

Juzi dada mmoja anayeishi Brisbane kanitumia meseji, kapata kazi kwenye mradi wa ustawi wa Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) wa mjini na bosi wake anataka waanze na semina za kupunguza stresi. Anauliza nasemaje.

Mimi kazi hiyo nimeifanya huku magharibi mwa Sydney, nilikuta ratiba nzuri na viti vitupu. Watakujaje? Hawa serikali iliwanyang'anya watoto wao kwa sheria kabisa, waziri mkuu Kevin Rudd kaja kuomba radhi bungeni 2008, halafu wewe unatokea na fomu unamhoji mtu mambo ya nyumbani kwake.

Kilichotuvusha ni wale mama wazee, huku kila mtu anawaita Anti, walisema wanataka kusuka vikapu. Basi tukawa tunaloweka majani kwenye beseni, unakunja mzunguko wa kwanza mdogo kama kifungo cha shati, unashona, unazungusha tena, na macho yakiwa kwenye mikono mtu anaanza kusema ambayo hata daktari wake hajayasikia. Kuna binti alikuwa haongei kabisa, siku hiyo akamuuliza Anti kuhusu bibi yake, kumbe Anti alimjua huyo bibi! Semina gani inakupa hiyo?

Halafu ofisi iliyokuwa inatupa hela ikasema kusuka ni hobi sio huduma, wakakata. Inaniuma mpaka leo sitaficha. Wale mama wakaleta majani yao wakaendelea.

Na wala hawajaanza jana. Pale Redfern, mtaa wa Sydney, 1971 walifungua kliniki yao wenyewe, Aboriginal Medical Service, kwa kujitolea maana kwingine walikuwa wanabaguliwa, Mum Shirl, mama mtetezi wa Waaborijini, akiwa mmoja wa waanzilishi. Mwaka huohuo ikaanza Koori Knockout, mashindano ya ragbi ya Waaborijini, ukibeba kombe wewe ndo mwenyeji mwakani, na koo nzima zinakutana. Nenda Oktoba uone pembeni ya uwanja watu wanavyokumbatiana.

Kwa hiyo mdogo wangu, waulize wazee wanataka nini halafu nyamaza usikilize. Kiongozi awe wao na alipwe, sio kupigwa picha za ripoti tu. Hela ya nauli na msosi iandike mapema maana ndo inakatwaga ya kwanza. Sisi wageni tuna kiherehere cha kushika maiki, wewe shika birika la chai. Bosi akibisha nipe namba yake, nitaongea naye mwenyewe.