Kabla Hujailaumu Programu: Maneno kwa Wanaoanza Giligili za Rilativiti

Kila mwaka kundi letu dogo hapa Mjini Unguja hupokea vijana wapya wa kuhesabu mwendo wa giligili (vimiminika na gesi) kwa kanuni za rilativiti ya Einstein, na kila mwaka namkuta mmoja wao akikesha mbele ya kompyuta, akiomba umeme usikatike, huku akiipunguza hatua ya muda nusu kwa nusu kwa sababu suluhisho lake linalipuka. Wadogo zangu, nawapenda, lakini jambo hili limenichosha.

1. Amueni alama (− au +) za metriki, yaani kipimo cha umbali katika nafasi na wakati, siku ya kwanza na muziandike juu ya kila ukurasa.

2. Semeni mapema u, alama ya kasi ya giligili, ni kasi ya kitu gani. Kwa Eckart (1940) ni kasi ya mkondo wa chembe. Kwa Landau na Lifshitz ni kasi ya mkondo wa nishati. Anayezichanganya fremu (yaani chaguo) hizo katika hesabu moja hapati fizikia, anapata urojo.

3. Nadharia ya Eckart ya giligili zinazopitisha joto yenyewe si thabiti. Nami niliwahi kuishuku programu yangu mstari kwa mstari, nikabadilisha mbinu, nikabadilisha hata kompyuta, na maalim wangu akaniacha nihangaike mpaka sikukuu ikakaribia. Ndipo akaomba karatasi tupu. Chukua, akasema, giligili iliyotulia, yenye halijoto moja kila mahali, uipe msukosuko mdogo ulio sawa kote. Kwa c = 1 (kasi ya mwanga ikiwa ndiyo kipimo), sheria ya Eckart ina kipande cha mchapuko ambacho sheria ya zamani ya joto ya Fourier haikuwa nacho, kwa hiyo q = −κTa: q ni mkondo wa joto, κ upitishaji joto, T halijoto, a mchapuko. Joto linalotiririka nalo hubeba momenta, kwa hiyo hifadhi ya momenta inataka (ε + p)a = −dq/dt, ε ikiwa nishati kwa ujazo na p kanieneo. Iondoe a, unabaki na dq/dt = (ε + p)q/κT. Alama ni ya kujumlisha, yaani q hukua tu badala ya kufifia! Hiscock na Lindblom walionesha mwaka 1985 kwamba, kwa nadharia hii, maji ya kawaida yangeuacha msawazo (hali ya utulivu) kwa muda wa kadiri ya sekunde 10⁻³⁴. Na maji ya maalim yalikuwa yametulia ndani ya glasi pale mezani tangu asubuhi. Hatua zangu ndogo za muda zilikuwa zimenisaidia kuufuata mlipuko kwa usahihi zaidi, basi.

4. Israel na Stewart (1979) waliuongezea mkondo wa entropia (kipimo cha mvurugiko) vipande vya daraja la pili, yaani vyenye mkondo kama q mara mbili, na hapo q ikapata muda wake wa kutulia, τ. Rudieni hesabu ileile mtapata (τ − κT/(ε + p)) dq/dt = −q. Kwa hiyo τ lazima iizidi κT/(ε + p), na anayeipunguza mno ili "mambo yawe mepesi" amerudi kwa Eckart kwa mlango wa nyuma. Mwaka huu wamerudi wawili.

5. Katika fremu ya Landau, jaribio la giligili iliyotulia halitoshi, kwa kuwa nadharia ya daraja la kwanza (isiyo na vipande hivyo, kama ya Eckart) hupita hapo vizuri kisha ikaanguka mara giligili inapopewa mwendo.

6. Bemfica, Disconzi na Noronha (2018), na Kovtun (2019), wameonesha kwamba daraja la kwanza laweza kuwa thabiti kwa fremu pana zaidi. Hata hivyo, humo entropia huhakikishiwa kutopungua ndani ya mipaka ya nadharia tu, karibu na msawazo; basi kabla ya kuniletea grafu ya rangi, nileteeni kwanza uwiano wa q kwa ε + p, nione kama bado mko karibu na msawazo.