Maswali na Majibu: Laptopu yenye kadi mbili za grafiki ndani ya Linux

Maswali ya safari hii yote yanahusu laptopu zenye kadi mbili: ile ndogo iliyo ndani ya prosesa, ya Intel au AMD, na ile kubwa ya NVIDIA au Radeon inayotakiwa kuamka pale tu kazi inapokuwa nzito. Amri tulizoandika ni za Ubuntu na ndugu zake kama Linux Mint.

Nimenunua Dell Latitude E6430 used pale Kariakoo. Muuzaji alisema ina NVIDIA. Nimeweka Ubuntu 24.04, naona Intel tu. Nimepigwa? (Msomaji, Buguruni)

Usimrudie muuzaji kwanza. Zipo E6430 zenye Intel peke yake, na zipo zenye NVS 5200M pembeni. Fungua terminali uandike:

`lspci -nn | grep -Ei 'vga|3d|display'`

Ikitoka mistari miwili, kadi zote zipo. Ukurasa wa mipangilio unaweza kuonyesha ile tu inayoendesha kioo. Ukitoka mstari mmoja wa Intel, hapo ndipo una la kumuuliza muuzaji.

Sasa soma herufi mbili zinazofuata jina la NVIDIA kwenye mstari huo, kwa mfano GF108 au GK107. Hizo ndizo zinazosema ukweli kuhusu umri wa kadi kuliko stika iliyobandikwa juu ya kibodi. GF ni kizazi cha Fermi, GK ni Kepler, GM ni Maxwell, GP ni Pascal, TU ni Turing, GA ni Ampere, AD ni Ada. Majina ya dukani yanachanganya: GeForce GT 720M nyingi ni Fermi, ilhali GT 730M ni Kepler, na zote huuzwa kama «safu ya 700».

Kila kizazi kina draiva yake. Fermi iliishia draiva namba 390, ambayo NVIDIA iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Kepler iliishia 470. Maxwell na Pascal zinaishia 580. Turing na zilizofuata ndizo zinazopata draiva mpya.

NVS 5200M yako ni Fermi, na Ubuntu 24.04 haina tena 390 kwenye hazina yake, yaani ghala la programu ambalo apt inapakua. Utabaki na nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Nouveau haiwezi kupandisha kasi ya kadi za Fermi; inaiacha kwenye kasi ile ile iliyowashwa nayo, kwa hiyo mara nyingi Intel HD 4000 ya ndani inaishinda. Ushauri wetu: iache ilale. Hakikisha imelala kwa amri hii:

`sudo cat /sys/kernel/debug/vgaswitcheroo/switch`

Mstari wa DIS ukiwa na neno DynOff, kadi imezimwa umeme. Ukiwa na DynPwr, kuna programu inayoitumia. Na kama lengo la kununua mashine lilikuwa gemu au kuhariri video, hapo tukubaliane kwamba kadi hii haitakusaidia, hata ungetafuta draiva ya zamani kwa tochi.

Nina GTX 1650. Nimeweka draiva, nikawasha upya, ila `nvidia-smi` inasema haiwezi kuwasiliana na draiva. Nimerudia kuweka mara kadhaa. (Fundi, Mbagala)

Kurudia kuweka hakusaidii, kwa sababu draiva ipo, inakataliwa mlangoni. Iite kwa mkono usikie inachosema:

`sudo modprobe nvidia`

Jibu likiwa *Key was rejected by service*, tatizo ni Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka. Kerneli haikubali moduli (kipande cha draiva kinachoingia ndani yake) isiyo na saini inayoijua. Ubuntu, inapojenga draiva kwenye mashine yako, huitia saini kwa ufunguo wake, na wakati wa kusakinisha inakuomba utunge nywila. Ukiwasha upya, kabla ya Ubuntu kuanza, inatokea skrini ya buluu yenye maandishi *Press any key to perform MOK management*; MOK ni huo ufunguo wa mwenye mashine. Inasubiri sekunde 10 tu, kisha inapita. Wengi huwa wameenda kuchota chai. Irudishe hivi:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Tunga nywila fupi ya herufi za kawaida, washa upya, na safari hii kaa mbele ya kioo. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika nywila, kisha Reboot. Kuzima Secure Boot kwenye BIOS nako kunamaliza tatizo, lakini kama laptopu ina Windows pembeni yenye BitLocker, Windows inaweza kudai ufunguo wa kufungulia diski. Mwulize mteja kama anao kabla hujagusa.

Jibu likiwa *Module nvidia not found*, moduli haikujengwa kabisa. Andika `dkms status`. Kawaida kinachokosekana ni vichwa vya kerneli, faili za kujengea moduli:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`

Kisha `sudo ubuntu-drivers install`, acha mashine ichague draiva inayoifaa. Mkiwa Debian 12, hakikisheni kwanza contrib, non-free na non-free-firmware zimo kwenye orodha ya hazina, halafu sakinisheni `linux-headers-amd64` pamoja na `nvidia-driver`.

Lile faili la .run la kwenye tovuti ya NVIDIA tunaomba uliache. Likichanganyika na draiva ya apt, faili za mmoja hufuta za mwingine, na kerneli ikisasishwa unaweza kuamkia kioo cheusi. Kama umeshaliweka, litoe kwa `sudo nvidia-uninstall` kabla ya kufanya lolote.

Kioo chenyewe ni cheusi, siwezi hata kufika kwenye terminali. (Msomaji, Tabata)

Washa mashine, shikilia Shift, au gonga Esc kwenye mashine za UEFI, hadi menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, itokee. Simama juu ya Ubuntu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ongeza neno `nomodeset` mwishoni mwake, kisha F10. Ukishaingia, `sudo apt purge '^nvidia-.*'` inaondoa kila kitu, na unaanza upya kwa utaratibu. `nomodeset` ni ya safari hiyo moja tu. Usiiandike kwenye GRUB moja kwa moja, maana inaizima hata draiva ya Intel, halafu unabaki kulalamika kwamba video zinakwamakwama.

Naendesha projekta ukumbini Sinza. HDMI ilikuwa inafanya kazi, nikafuata maelekezo ya kuokoa betri, sasa projekta haionekani kabisa. (Msomaji)

Maelekezo hayo bila shaka yalikuambia `prime-select intel`. Amri hiyo inaizima kadi ya NVIDIA, na kwenye laptopu yako tundu la HDMI limeungwa kwenye kadi hiyo, si kwenye Intel. Kadi ikizimwa, tundu linakufa nalo. Hakuna waya wala projekta mbovu hapo.

Kujua nani anamiliki tundu, rudisha kwanza kadi zote mbili:

`sudo prime-select on-demand`

Washa upya, kisha:

`ls /sys/class/drm`

Utaona majina kama `card0-eDP-1` na `card1-HDMI-A-1`. eDP ni kioo cha laptopu chenyewe. Angalia HDMI iko chini ya card gani, halafu uulize card hiyo inaendeshwa na nini:

`readlink /sys/class/drm/card1/device/driver`

Jibu likiishia na i915, tundu ni la Intel na unaweza kuizima NVIDIA bila wasiwasi. Likiishia na nvidia, basi siku za kazi kaa kwenye on-demand. Namba za card hubadilika kati ya mashine na mashine, hata kati ya kuwasha na kuwasha, kwa hiyo usizikariri. Kuna dalili ya haraka pia: `lspci` ikiiita kadi *3D controller*, kadi hiyo haina tundu lolote.

Hali ya on-demand ikiwa imewashwa na projekta bado haionekani, hakikisha modeset, yaani draiva kuendesha skrini kupitia kerneli, ipo:

`sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset`

Inatakiwa Y. Ikiwa N, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/nvidia-kms.conf` lenye mstari `options nvidia-drm modeset=1`, endesha `sudo update-initramfs -u`, washa upya. Bila hiyo picha pia hukatika katikati unaposogeza dirisha. Utaratibu huu wa Intel kuchora na NVIDIA kupeleka picha nje unahitaji draiva 450 na kuendelea. Mwenye 390 hana njia isipokuwa `prime-select nvidia`, ambapo kadi kubwa inaendesha kila kitu, na betri inajionea.

Ufanye ukaguzi huu nyumbani mchana, usisubiri maharusi wakiwa mlangoni.

On-demand inakula chaji kama kawaida. Umeme ukikatika laptopu haifiki hata saa mbili, na joto la chini linaunguza mapaja. (Msomaji, Kigamboni)

On-demand haina maana kwamba kadi inazimika. Ina maana programu hazitaitumia mpaka uombe. Kuzimika kwenyewe ni jambo jingine, na linategemea kizazi: Turing na kuendelea zinaweza kujizima zikikaa bila kazi, Pascal, kama GTX 1050, haziwezi kwa draiva ya NVIDIA. Mwenye Pascal anayetaka betri atumie `prime-select intel` na awashe upya anapohitaji kadi. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Mwenye Turing aandike kwenye `/etc/modprobe.d/nvidia-pm.conf`:

`options nvidia NVreg_DynamicPowerManagement=0x02`

Kisha `update-initramfs` na kuwasha upya. Kagua, ukibadilisha 01:00.0 kwa namba iliyo mwanzoni mwa mstari wa kadi yako kwenye `lspci`:

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status`

*suspended* ni usingizi, *active* ni macho. Ikibaki active, tazama faili la `control` lililo kwenye folda hiyo hiyo. Linatakiwa kusema auto. Na usikague kwa `nvidia-smi`, kwa sababu amri hiyo yenyewe inaiamsha kadi. Vidude vya kuonyesha joto la kadi pembeni ya kioo vinafanya hivyo hivyo kutwa nzima, viondoe. Projekta au skrini ya nje ikiwa imechomekwa kwenye tundu la NVIDIA, kadi hailali.

Naomba gemu moja tu la Steam litumie NVIDIA. (Msomaji, Ubungo)

Kwenye Launch Options za gemu hilo weka:

`__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%`

Nje ya Steam, tanguliza maneno hayo hayo mbele ya jina la programu, bila `%command%`. Jaribu na `glxinfo | grep "OpenGL renderer"`, iliyo ndani ya kifurushi cha mesa-utils; jina linatakiwa kubadilika. Inahitaji draiva 435 au zaidi. Mwenye Blender hahitaji haya kwa Cycles, injini yake ya kuchora picha: CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kupiga hesabu kwenye kadi, huiona kadi moja kwa moja, unachagua tu kwenye Preferences, System.

Yangu ni Intel na Radeon. (Msomaji, Mwenge)

Wewe una raha. Draiva imo ndani ya kerneli, hakuna cha kupakua. `DRI_PRIME=1` mbele ya jina la programu inatosha, na kadi inajizima yenyewe ikimaliza.

Kuna maelekezo ya Bumblebee na `optirun`. Niyafuate? (Msomaji, Temeke)

Hapana. Bumblebee ni programu ya zamani ya kuamsha kadi ya NVIDIA kwa amri ya `optirun`, na toleo lake la mwisho ni la 2013. Kama liko kwenye mashine, liondoe pamoja na bbswitch, moduli yake ya kuzima kadi, kwa sababu vinagombania kuzima na kuwasha kadi na mifumo ya sasa, na laptopu inaganda.

Bando linaisha. Nina mashine tatu za aina moja za kuwekea draiva. (Fundi, Gongo la Mboto)

Kwenye ya kwanza, kabla ya kusakinisha, tumia `sudo apt install --download-only nvidia-driver-580`, ukibadilisha namba kulingana na `ubuntu-drivers devices`. Faili za .deb zinabaki `/var/cache/apt/archives`. Zinakili kwenye flashi, zipeleke folda hiyo hiyo kwenye nyingine mbili, kisha sakinisha kama kawaida. Apt itazikuta pale na haitapakua tena. Sharti toleo la Ubuntu na la kerneli yafanane, na orodha ya `apt update` iwe ya siku hiyo hiyo, la sivyo itadai faili mpya.