Mradi wa katikati ya mji: niulize nini mkutanoni?

SWALI: Kuna pendekezo la kubomoa maduka ya zamani katikati ya mji na kujenga maghorofa. Mkutano wa wananchi ni wiki mbili zijazo, na kila msemaji amepewa dakika tatu. Nifanyeje nisikike?

JIBU: Usibishane na picha za rangi za mradi zitakazobandikwa ukutani, humo miti huwa imeshakomaa siku ya ufunguzi. Omba mapema, kwa barua, michoro ya kiwanja na tathmini za athari kwa mazingira na kwa msongamano wa magari.

Kwenye michoro tafuta uwiano wa sakafu kwa kiwanja, yaani jumla ya eneo la sakafu zote ikigawanywa kwa eneo la kiwanja. Kiwanja cha mita za mraba 2,000 chenye uwiano wa 4 hubeba sakafu za mita za mraba 8,000: ghorofa nne zilizojaza kiwanja chote, au nane zilizokalia nusu yake. Kwa hiyo swali la "ghorofa ngapi?" pekee halitoshi.

Kisha uliza kuhusu maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kiwanja hicho ni lita 100,000, na zege halinywi maji. Yataelekea mtaro upi, na mtaro huo una nafasi ya kuyabeba?

Linaloumiza zaidi ni suala la wapangaji wa maduka hayo. Ahadi ya "mtarudi" isiyotaja kodi, ukubwa wa duka na tarehe haina nguvu, na duka dogo hufa likifungwa kwa miaka miwili. Dai ahadi hiyo iandikwe kama sharti la kibali cha ujenzi.

Hoja zako ziwasilishe pia kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.