Fundi wa Modeli Anajibu: Stika Zinazokatika, Zinazopauka na Zinazogoma Kushika

Safari hii barua karibu zote ni za stika, zile za maji (unazilowesha ziachie karatasi yake) zinazokuja kwenye boksi la modeli ya plastiki. Watu wanajenga vizuri, wanapaka vizuri, halafu mwishoni kabisa stika inaharibu kila kitu, na inauma kweli maana ndo kitu cha kwanza mtu anachokiangalia. Nimechukua barua ambazo naona zitawasaidia wengi.

Shikamoo fundi. Nimejenga ndege ya kivita MiG-21 ya skeli ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ile halisi), nimeipaka kijani isiyong'aa, imetoka safi. Nikabandika stika, zilipokauka nikaona kuzunguka kila namba kuna weupe weupe unameta kama bati ukiigeuza kwenye taa. Nimeuziwa stika mbovu? Na je, inatibika au ndo basi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Stika yako inawezekana haina kosa lolote, shida iko chini yake. Rangi isiyong'aa ukiipitisha kidole unaona laini lakini ukiiangalia kwa lenzi ina mabonde na vilima vidogo vidogo, ndo maana haing'ai, inatawanya mwanga. Sasa ile ngozi nyembamba ya stika inakaa juu ya vile vilima, chini yake inabaki hewa, na mwanga ukigonga ile hewa unarudi kwako mweupe. Hapo hata ungenunua stika za bei gani ungeona kitu hicho hicho.

Kwa hiyo kabla ya stika yoyote, narudia yoyote, paka vanishi ya kung'aa juu ya rangi. Mikono miwili mitatu myembamba, sio mmoja mzito unaochuruzika. Iache ikauke mpaka ukiinusa kwa karibu husikii harufu tena, na kama unakaa pwani kwenye unyevu iongezee muda. Hapo ndo ubandike, na ukishamaliza na stika zimekauka, unapita na vanishi isiyong'aa juu ya ndege nzima, inarudi kwenye hali yake ya kutong'aa na stika zinaonekana kama zimechorwa hapo hapo.

Hiyo uliyonayo inatibika. Chukua sindano nyembamba au ncha ya wembe mpya, toboa toboa sehemu zenye weupe, vitundu vidogo sana, halafu gusisha dawa ya kulainisha stika kwa brashi ndogo. Utaiona kwa macho yako inaingia chini na ule weupe unafutika kipande kwa kipande. Gandamiza taratibu kwa pamba ya masikio iliyoloa, usisugue. Subiri ikauke, rudia pale palipobaki. Na siku nyingine kabla hujaiweka kwenye maji kata ile plastiki ya kuona, isiyo na rangi, inayozidi pembeni ya namba, maana pasipo na ngozi hapawezi kushika hewa.

Fundi habari za kazi. Mjomba amerudi kutoka Maskati akaniletea boksi la meli la zamani sana, plastiki iko kamili kabisa. Stika ya kwanza kuiweka kwenye maji imepasuka vipande kama kioo, na karatasi nzima imekuwa ya njano. Nimeogopa kugusa zilizobaki. (Msomaji, Mombasa)

Nzuri kaka, na umefanya la maana kuacha. Usiweke nyingine kwenye maji kwanza.

Stika ya maji ni tabaka tatu: karatasi, gundi inayoyeyuka, na juu yake wino ulioshikwa na ngozi ya laka. Ile laka ikizeeka inakauka na kupoteza ulaini, sasa gundi ikiachia hakuna tena kinachoishika pamoja, inavunjika. Dawa yake ni kuipa ngozi mpya. Kuna kitu kinaitwa Liquid Decal Film cha Microscale, kimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa, unapaka kwa brashi pana mkono mmoja mwembamba. Ukikikosa, vanishi ya kung'aa ya kopo la kupuliza inafanya kazi, puliza kidogo kidogo ukiwa mbali, iache ilale mpaka kesho yake.

Hapa kuna kitu wengi wanakisahau. Ukishapaka, karatasi yote sasa imekuwa stika moja kubwa, ile mipaka ya zamani kati ya namba na namba haipo tena. Lazima ukate kila moja peke yake kwa wembe mkali, karibu kabisa na wino, ukiitosa na karatasi imeizunguka itateleza na bonge la plastiki la ajabu. Anza na ile usiyoihitaji, kwenye karatasi huwa haikosekani namba ya ziada au maandishi madogo ya pembeni. Ikitoka nzima endelea na zingine, isipotoka ongeza mkono mwingine wa vanishi. Maji yawe ya uvuguvugu, na usiiache ioge humo, itoe kwa kibano baada ya sekunde chache uilaze kwenye tishu, gundi iendelee kulainika yenyewe.

Ule unjano ushughulikie kabla ya vanishi. Tia karatasi kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, funga kabisa unyevu usiingie, ibandike kwa selotepu kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, uso wa stika uangalie nje. Jua linafifisha unjano polepole, inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, na kwa jua la Mombasa uwe unaichungulia kila siku maana hilo hilo jua linaweza kupausha na rangi nyekundu. Na kabla ya yote hayo iskani au ipige picha kutoka juu moja kwa moja karatasi nzima na rula pembeni yake, ikiharibika bado una ramani ya kutengenezea nyingine.

Fundi, huku Mbeya hizo dawa za kulainisha stika hazipatikani na kuagiza ni gharama. Stika zangu ni nene, zimekaa juu ya mistari ya bawa kama plasta, mistari haionekani kabisa. Nitumie nini cha nyumbani? (Msomaji, Mbeya)

Siki nyeupe ya dukani, ichanganye na maji nusu kwa nusu. Micro Set yenyewe, ile dawa ya dukani ya kushikisha stika yenye lebo ya bluu, ina asidi hiyo hiyo ya siki, ukifungua chupa tu unaisikia. Lowesha mahali kwanza, telezesha stika, kandamiza maji yatoke kuanzia katikati kwenda nje. Itashika vizuri zaidi, ila usitegemee siki ifanye kazi ya Micro Sol, ile dawa ya kulainisha ya lebo nyekundu, ile ni kali, inaifanya stika ikunjamane kama imeharibika halafu inajinyoosha yenyewe na kuzama kwenye mistari, na wakati imekunjamana usiiguse hata kwa pumzi.

Kwa stika nene, joto linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Chovya kitambaa laini kwenye maji ya moto, kamua, kilaze juu ya stika ukigandamiza kwa kidole, rudia. Au draya ya nywele kwa moto mdogo, ukiwa mbali, maana plastiki ya modeli inapinda upesi mno. Bado ikigoma, pitisha wembe mpya juu ya mstari wenyewe, kata ngozi tu bila kuchimba rangi, weka siki yako na moto tena, kingo zitaingia ndani ya mstari.

Tafadhali usisikie mtu akikwambia utumie thina au asetoni. Zinayeyusha stika, rangi, na plastiki yenyewe, na hapo hakuna la kutengeneza tena.

Dada mmoja wa Nairobi ana modeli ya 1/48 ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, kama ilivyokuwa mwaka 1940. Anasema zile duara za rangi za ubavuni, alama ya jeshi la anga la Uingereza, zimechapwa vibaya, nukta nyekundu imesogea upande, duara limekuwa kengeza. Anauliza abandike tu hivyo hivyo?

Hapana dada, usibandike. Hewa chini ya stika inatolewa, stika iliyozeeka inaokolewa, lakini uchapaji uliosogea hauna dawa, na macho yataenda pale kila siku. Njia rahisi ni kununua karatasi nyingine ya stika peke yake. Kuna wachapaji wanaosifika kwa kazi safi, Cartograf wa Italia kwa mfano, na baadhi ya karatasi nzuri zinachapa nukta nyekundu mbali ili uiweke mwenyewe katikati.

Lakini ukiwa na brashi ya upepo, ile inayopuliza rangi kwa hewa, mimi ningekushauri uchore, kwa sababu duara la Spitfire ya kipindi hicho lina hesabu nyepesi. La ubavuni lilikuwa na upana wa inchi 35: nyekundu inchi 5, nyeupe inafika 15, bluu 25, njano inamalizia 35. Kwenye 1/48 hiyo ni milimita 2.6, 7.9, 13.2 na 18.5. Kata duara hizo kwenye tepu ya wapaka rangi kwa bikari ya kukatia, na usitupe chochote, vidude vya ndani na pete za nje vyote utavihitaji. Puliza nyeupe duara zima. Ikikauka funika katikati kwa kidude cha 13.2, puliza njano. Kisha kitoe kidude hicho, rudishia pete juu ya njano, weka kidude cha 7.9 katikati, puliza bluu. Mwisho funika kote ubakize tundu la 2.6, nyekundu. Mikono myembamba, na tepu uivute ikiwa imelala, sio kwenda juu.

Nataka kuifanya Boeing 787-8 yangu ya 1/144 iwe ile ya Air Tanzania, yenye namba ya usajili 5H-TCG, iliyoingia 2018. Naweza kuprinti stika mwenyewe na printa ya ofisini? (Msomaji, Dar)

Unaweza kaka, na ndege ya karibu sentimita 39 inakupa nafasi ya kutosha ya kuchora yule twiga wa mkiani vizuri. Agiza karatasi maalumu ya stika za maji inayoendana na printa yako, ya wino au ya leza, hizi mbili haziingiliani. Ukitumia ya wino lazima upulize vanishi kabla ya maji, la sivyo picha inayeyuka yote kwenye bakuli.

Kikwazo kimoja kikubwa: printa ya kawaida haichapi nyeupe. Inaacha tu sehemu bila wino ikitegemea weupe wa karatasi, sasa kwenye stika ya kuona sehemu hiyo inabaki wazi, na rangi zingine zinakuwa nyepesi zinapitisha rangi ya chini. Kwa bodi nyeupe huna wasiwasi, printi kwenye karatasi ya kuona. Palipo na rangi nzito, ama paka nyeupe kwanza mahali stika itakapokaa, ama tumia karatasi yenye mgongo mweupe na ukate kwa kufuata mchoro, kisha zile kingo nyeupe uziguse na brashi yenye rangi ya mkia. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, ibandike kwa selotepu kwenye ndege uone kama saizi imekaa, ndo utumie ile ya gharama.