Kabla ya Kuomba Vitabu, Nenda Maktaba ya Mkoa

Walimu waliokabidhiwa maktaba za shule huniuliza swali lile lile: vitabu nitavipata wapi? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Vitabu visubiri. Nenda maktaba ya mkoa kwanza, omba kuonana na mkutubi, umweleze una nini na wasomaji wako ni akina nani.

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina mtandao unaoanzia Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, hadi mikoani na baadhi ya wilaya. Wengi wanaijua kama mahali pa kusomea gazeti au kujiandaa na mtihani. Kazi ya kulea maktaba ndogo haisikiki sana, na ndiyo iliyotufaa sisi wenye maktaba ya shule.

Mkutubi alikuja shuleni, akatuketisha chini na kutufundisha kupanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo unaoipa kila mada namba yake. Fasihi ya Kiswahili 896.392, lugha yenyewe 496.392. Mwalimu mmoja alinong'ona kwamba tunapoteza muda. Lakini namba hizo ndizo zinazotumika maktaba ya mkoa, kwa hiyo kasha la vitabu likitoka kwao linaingia rafuni siku hiyo hiyo, na likirudi hakuna ubishi kipi ni cha nani.

Pili, tunza daftari la kuazima. Vitabu vya msaada vikija, kwa mfano vile vinavyotolewa na Book Aid International kutoka Uingereza, mwenye daftari anaweza kusema: wanafunzi wangu wanagombania baiolojia, riwaya za Kiingereza zimelala. Asiye nalo atapokea chochote kilichobaki. Na usione haya kukataa. Sisi tulikataa maboksi ya miongozo ya kompyuta zilizokwishatoweka madukani; rafu si ghala.

Kuhusu programu za kompyuta za kuendeshea maktaba kama Koha, ambayo ni ya bure, sitasema mengi: umeme ukiwa wa mashaka, daftari linatosha.

Kinachoua ushirikiano mara nyingi ni nauli. Sisi na sekondari jirani tunabadilishana makasha kila muhula, wao wana sayansi, sisi tuna fasihi, na mwanzoni kila upande ulidhani mwenzake ndiye atakayelipa bodaboda. Andikeni mapema: nani anasafirisha, orodha nakala mbili zenye sahihi, kitabu kikipotea kinalipwaje. Vyuo vikuu navyo hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa: kupitia umoja wao, COTUL, huchangia gharama za majarida ya kielektroniki ambayo chuo kimoja kingeshindwa kuyalipia peke yake.

Ikitokea nafasi ya kumpeleka mtu kozi fupi ya ukutubi, tuseme kwenye chuo cha Bodi kule Bagamoyo, msimpeleke mwalimu anayesubiri barua ya uhamisho. Mpelekeni yule aliyejenga kijijini.