Maswali ya Jikoni: Sandwichi ya tuna imelowa, chizi haijayeyuka

SWALI: Habari za kazi. Nikitengeneza sandwichi ya tuna na chizi kwenye kikaango, mkate unaungua huku chizi ndani bado ngumu, na slesi ya chini inalowa mpaka inakatikia mkononi. Pilipili nayo, ama haisikiki kabisa, ama tonge moja linamtoa mtu machozi. Nakosea wapi?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Kosa la kwanza ni maji, na linatokea kabla hujawasha jiko. Wengi huinamisha kopo la tuna kwenye sinki wakaridhika. Mimina samaki kwenye chujio, umkandamize kwa mgongo wa kijiko mpaka matone yakatike. Aliyekauka huchambuka nyuzinyuzi; akishikana kama uji, rudia.

Kopo la gramu 170 hutoa sandwichi 2. Liandalie mayonezi vijiko vikubwa 2, robo ya kitunguu maji kilichokatwa kidogo kidogo na kijiko kidogo cha ndimu. Chumvi acha, labda uonje kwanza: tuna na chizi tayari vina yake, na ukizidisha, kitunguu kinatoa maji tena. Nyanya kula pembeni.

Pilipili mbuzi, nusu yake yatosha. Ukali wake umejaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kwa hiyo iponde, uichanganye na mayonezi peke yake, iache dakika 10, ndipo utie samaki. Ukiimwaga moja kwa moja juu ya samaki, vipande vinajikusanya mahali pamoja, na hapo ndipo penye lile tonge la machozi. Mikono ipake mafuta ya kula kwanza, halafu sabuni.

Sasa moto. Chizi iliyotoka kwenye friji asubuhi ya Julai hapo Arusha ni jiwe. Itoe dakika 20 kabla, uikwaruze. Kwa kila sandwichi gramu 60: nusu chini ya samaki, nusu juu yake, ishike slesi zote mbili. Gouda au mozzarella huyeyuka vizuri. Cheddar iliyokomaa sana huachia mafuta. Siagi ipake kwenye mkate, si kikaangoni. Moto uwe mdogo, na kama ni jiko la mkaa, punguza makaa. Funika dakika 3, geuza, kisha dakika 2 au 3 bila mfuniko, maana mvuke hulegeza mkate ulioanza kukauka. Ngoja kidogo ndipo ukate, la sivyo chizi yote inakimbilia sahanini.

SWALI: Mayonezi sina, maparachichi ninayo tele. Yanafaa?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Yanafaa, ila yasipite motoni; parachichi likikaa kwenye joto linakuwa chungu. Ponda nusu ya lililoiva na ndimu na pilipili, weka kando. Tuna mchanganye na kijiko kikubwa cha mafuta ya kula. Kausha slesi ya juu peke yake. Ya chini itandaze chizi, kisha samaki, uifunike kikaangoni bila kuigeuza mpaka chizi ilegee. Ndipo upake parachichi kwenye slesi kavu na kufunga. Tuna iliyobaki usiiache kwenye kopo; hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, friji, uimalize ndani ya siku 3.